Kopo Tupu Lina Kazi

SOMO LA KUSOMA NA KUTENDA



Katika somo hili tutasoma habari ya vichezeo vya watoto. Vichezeo hivi havinunuliwi dukani. Tunavitengeneza wenyewe kwa vitu tunavyovitupa kila siku: makopo, madumu, ndala zilizokatika, matambara, visoda na magunzi. Soma polepole. Ukikuta neno gumu, liangalie mwisho wa somo. Ukimaliza kusoma, fanya kazi iliyoandikwa hapo mwisho.

1. Shilingi elfu tatu

Kijiji cha Kilimatinde kipo wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida. Kipo juu, ukingoni mwa Bonde la Ufa. Ukisimama ukingoni unaona nchi tambarare ya chini, kuelekea Kintinku na Bahi. Mvua hapa ni ya msimu mmoja tu kwa mwaka. Mvua ikiwa haba, mtama na uwele huwa haba, na fedha pia huwa haba.

Siku moja tulikuwa darasani chini ya mti. Mimi ni afisa elimu ya watu wazima, na siku hiyo nilikuja kutembelea darasa. Tulisalimiana: "Mbukwenyi!" Tulianza kusoma. Lakini mama mmoja hakusoma. Alikaa kimya, kitabu kimefungwa.

Nilimwuliza, "Mama, unaumwa?"

Alijibu, "Siumwi, mwalimu. Nina mawazo. Juzi nilikwenda mnadani na shilingi elfu tatu. Zilikuwa za mafuta ya kula na chumvi. Mtoto wangu aliona gari la plastiki, akalia sana. Watu wakatutazama. Nikaona aibu, nikalinunua. Siku ya nne gari limevunjika. Baba yake amekasirika. Tangu siku hiyo hatusemezani vizuri nyumbani."

Baba mmoja aliyekaa nyuma alisema, "Kosa ni la mtoto. Mtoto asizoezwe kucheza. Azoezwe kazi."

Mzee wetu wa darasa, ambaye amejifunza kusoma akiwa na wajukuu, aliinua mkono. Alisema, "Mwanangu, na wewe ulicheza. Mimi nilikuona. Ulikuwa na ng'ombe wa udongo, zizi zima, ukawafuga chini ya mbuyu. Leo una ng'ombe wa kweli na unawajua mmoja mmoja. Ulijifunza wapi kuchunga?"

Watu walicheka. Yule baba naye alicheka kidogo. Kisha mzee alisema, "Nani alikununulia ng'ombe wale wa udongo?"

"Hakuna aliyeninunulia, mzee. Niliwafinyanga mwenyewe."

"Haya," mzee alisema. "Basi tatizo si mchezo. Tatizo ni kudhani kuwa mchezo huuzwa dukani."

Darasa zima tulikubaliana kuwa somo la juma lile liwe hilo.

2. Mchezo ni shule ya kwanza

Mtoto hazaliwi anajua kuhesabu, kusema au kushika kitu. Hujifunza. Mahali pa kwanza pa kujifunza ni mchezoni.

Mtoto akisukuma gari la kopo, mikono na miguu yake hupata nguvu. Akilitengeneza likiharibika, hujifunza kufikiri. Akipanga visoda, hujifunza kuhesabu. Akimbembeleza mtoto wa matambara, hujifunza maneno na upole. Akicheza na wenzake, hujifunza kungoja zamu yake na kukubali kushindwa.

Haki ya mtoto kucheza imeandikwa. Ipo katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 1991. Tena mwezi Desemba mwaka 2021, Serikali yetu ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Programu hiyo inahusu watoto tangu tumboni mwa mama mpaka miaka 8. Moja ya mambo inayohimiza ni wazazi kucheza na kuzungumza na watoto wao.

Je, mtoto asifanye kazi? La. Mtoto mkubwa atachota maji na atachunga mbuzi. Lakini apewe pia saa yake ya kucheza, mvulana na msichana sawasawa. Mara nyingi mvulana huachwa acheze chandimu, na dada yake hubeba mtoto mgongoni tangu asubuhi mpaka jioni. Hiyo si haki.

3. Kwanza usalama: habari ya mdogo wangu

Kabla ya kutengeneza chochote, someni habari hii. Niliwasimulia wanadarasa siku ile, na leo nawaandikia ninyi.

Nilipokuwa na umri wa miaka 10, nilimtengenezea mdogo wangu gari. Niliokota kopo zuri jekundu, karibu na mahali watu walipoogesha ng'ombe. Nililisuuza kwa maji kidogo. Nikalitia magurudumu na kamba. Mdogo wangu alifurahi sana. Jioni alichota maji kwa gari lake, akanywa.

Kopo lile lilikuwa la dawa ya kuua kupe.

Usiku alitokwa na mate mengi, akatapika, akatetemeka. Baba alimpakia kwenye baiskeli, akaenda naye gizani mpaka hospitali. Mganga aliuliza, "Amekunywa nini?" Baba hakujua. Mimi nilijua, lakini niliogopa kupigwa, nikanyamaza. Niliposema ilikuwa karibu alfajiri. Kwa bahati njema mdogo wangu alipona. Sasa ni mtu mzima. Lakini mimi sijasahau saa zile nilizonyamaza.

Kopo lile lilikuwa na maandishi ubavuni. Lilikuwa na picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili. Nyumbani hakuna aliyelisoma. Ndiyo sababu nawaambia: kusoma ni ulinzi wa nyumba.

Basi, vitu hivi VISIWE vichezeo kamwe:

(a) Makopo na chupa za dawa za mifugo, dawa za mimea, dawa za panya, na mafuta ya taa. Kuosha hakutoshi. Kopo kama hilo litoboe lisitumike tena, na mwulize afisa ugani namna ya kuliondoa.

(b) Betri za redio na za tochi. Ndani yake mna dawa inayounguza. Betri ndogo za duara zilizo kama kifungo ni hatari zaidi. Mtoto akimeza moja, huunguza koo ndani ya saa chache. Mpeleke hospitali mara moja.

(c) Mabomba ya sindano, nyembe, na vipande vya glasi.

(d) Mifuko laini ya plastiki kwa mtoto mdogo. Akiivaa kichwani hukosa hewa.

(e) Kitu chochote kidogo kinachoweza kuingia chote mdomoni mwa mtoto aliye chini ya miaka 3. Kisoda, kifungo na mbegu humkaba koo.

Mtoto akinywa sumu, usimlazimishe kutapika. Mpeleke hospitali upesi, uende na kopo lenyewe ili mganga aone ni dawa gani. Na mtoto mkubwa aliyekuwepo mwulize kwa upole. Mtoto anayeogopa fimbo hatasema.

4. Manyanga ya mtoto mchanga

Kichezeo hiki ni cha mtoto anayeanza kukaa.

Vitu: chupa ndogo ya maji ya plastiki, mbegu za ubuyu, soksi kuukuu, sindano na uzi.

Kazi: Osha chupa kwa sabuni, uikaushe juani. Tia mbegu kiasi cha kujaza kiganja. Funga kifuniko kwa nguvu. Fua soksi, uivike chupa mpaka ifunikwe yote. Shona mdomo wa soksi kwa uzi imara, mara mbili.

Kwa nini tunaivika soksi? Kwa sababu mtoto ataitia mdomoni na kuivuta. Kifuniko kikifunguka, mbegu zitabaki ndani ya soksi. Kila juma tazama ule mshono. Ukilegea, shona tena.

5. Gari la dumu

Kichezeo hiki ni cha mtoto wa miaka 3 na zaidi.

Vitu: dumu la mafuta ya kula la lita 1, ndala mbili zilizokatika, spoku mbili za baiskeli au vijiti viwili vilivyonyooka, kipande cha tyubu, na kamba.

Hatua ya 1. Osha dumu kwa maji ya moto na sabuni. Likaushe.

Hatua ya 2. Lilaze dumu. Kata mlango upande wa juu, ili mtoto apakie mizigo. Kingo zikiwa kali, zisugue kwa jiwe mpaka ziwe laini.

Hatua ya 3. Weka kikombe kidogo juu ya ndala, uchore duara kwa mkaa. Kata maduara manne yanayolingana. Haya ni magurudumu.

Hatua ya 4. Pasha moto msumari, utoboe matundu mawili mbele na mawili nyuma, chini kidogo ubavuni. Kazi hii ni ya mtu mzima. Tumia uzi kupima. Umbali kati ya tundu la mbele na la nyuma uwe sawa pande zote mbili. Usipokuwa sawa, gari litakwenda upande.

Hatua ya 5. Pitisha spoku kwenye matundu. Matundu yawe makubwa kidogo kuliko spoku, ili spoku izunguke bila kukwama. Toboa kila gurudumu katikati kabisa, kwa tundu dogo, ili gurudumu lishike spoku kwa nguvu.

Hatua ya 6. Ncha za spoku zikunje, kisha zifunge kwa tyubu zisimchome mtoto. Funga kamba mbele. Gari ni tayari.

6. Mpira wa chandimu

Zamani watoto walijaza mpira kwa mifuko ya plastiki. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini. Lakini mpira haujafa. Matambara yanatosha.

Chukua matambara yasiyofaa tena kuvaliwa. Viringisha moja lishikane, mpaka liwe kama yai. Ongeza jingine juu yake, ukizungusha na kukaza kila mara. Likifika ukubwa unaotaka, livike soksi au mguu wa suruali kuukuu, ushone. Kisha lisuke kwa kamba za kiroba, kamba zikipishana kama wavu. Mpira uliokazwa vizuri hudunda kidogo na haumwumizi mtoto anayecheza pekupeku.

7. Mtoto wa gunzi na matambara

Mahindi yakipukuchuliwa, magunzi hubaki. Chagua gunzi nene na kavu. Kichwa ni kitambaa kilichojazwa vipande vya nguo na kufungwa kwenye ncha ya gunzi. Mikono ni kijiti kilichovikwa kitambaa na kufungwa msalaba. Macho na mdomo vishonwe kwa uzi mweusi. Usitumie vifungo, kwa kuwa mtoto huving'oa na kuvitia mdomoni. Mvishe kipande cha kanga. Mwache mtoto mwenyewe ampe jina.

8. Visoda vya kuhesabia

Kichezeo hiki ni cha mtoto anayekaribia kwenda shule. Kusanya visoda, uvioshe. Vigonge kwa jiwe mpaka kingo zilale, zisikate vidole.

Mwambie mtoto, "Niletee visoda vitano." Kisha, "Ongeza viwili. Sasa viko vingapi?" Hivyo ndivyo hesabu inavyoanza, bila daftari na bila karo.

Watu wazima nao wanavijua visoda. Katika mchezo wa drafti, ubao una vyumba 64, na kila mchezaji ana kete 12. Mmoja hulaza visoda kifudifudi, mwenzake huvilaza chali. Baba na mtoto wanaweza kucheza pamoja jioni.

9. Hata muziki

Kopo lisilo na kingo kali, kijiti na uzi mmoja huweza kuwa kizeze cha mtoto. Msidharau. Sisi Wagogo tunajulikana duniani kwa zeze na ilimba. Marehemu Hukwe Zawose, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki mwaka 2003, alizipeleka ala hizo mpaka nchi za mbali. Ala hizo hutengenezwa kwa vitu vya hapa hapa: kibuyu, mbao, ngozi, waya na vipande vya chuma. Mtoto anayegonga kopo msimfukuze kila mara. Huenda anatafuta sauti.

10. Siku ya maonyesho

Baada ya juma moja tulikutana tena chini ya mti. Kila mtu alileta kitu. Yule mama alileta manyanga mawili na mtoto wa matambara aliyevaa kanga.

Kisha alikuja mumewe, ambaye si mwanadarasa. Alikuwa ameshika gari la dumu. Aliliweka chini bila kusema neno. Mtoto wao alilivuta. Gurudumu moja lilikwama. Baba aliinama kulitengeneza, lakini mtoto alisema, "Baba, tundu ni dogo." Kweli, tundu lilikuwa dogo. Wakalipanua pamoja. Gari likaenda.

Yule baba aliniambia, "Mwalimu, ile elfu tatu imeniuma sana. Lakini dumu hili nimelitengeneza jioni mbili, na mtoto alikaa karibu yangu jioni zote mbili. Sijapata kumsikia akisema maneno mengi namna ile."

Mama aliinama akatazama kitabu chake. Siku hiyo alisoma ukurasa mzima kwa sauti.

11. Mambo ya kukumbuka

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Ilitufundisha kuchimba vyoo na kusafisha mazingira ya nyumba. Mafundisho hayo hayajapitwa. Kutengeneza vichezeo si kulundika takataka uani. Kopo lenye maji ya mvua huzalisha mbu. Chagua kinachofaa, kioshe, kitumie. Kisichofaa kiende shimoni. Kichezeo kikivunjika na kutoa ncha kali, nacho kiende shimoni.

Tena kumbukeni: kichezeo peke yake hakimlei mtoto. Kaa naye. Mwulize, "Gari lako linakwenda wapi? Limebeba nini?" Umsikilize akijibu. Robo saa kila siku si nyingi, na haigharimu kitu.

MANENO MAGUMU

Chandimu – mchezo wa mpira wa watoto wa mitaani na vijijini.
Gunzi – kinachobaki baada ya kupukuchua mahindi.
Kiroba – mfuko uliofumwa kwa nyuzi za plastiki.
Kisoda – kifuniko cha chuma cha chupa ya soda.
Kuridhia – kukubali mkataba kwa niaba ya nchi.
Manyanga – kichezeo au ala ya kutikisa yenye mbegu ndani.
Spoku – waya mgumu wa gurudumu la baiskeli.
Tyubu – mpira wa ndani wa gurudumu.

MASWALI

1. Kwa nini yule mama hakusoma siku ya kwanza?
2. Mzee alimjibu nini baba aliyesema mtoto asizoezwe kucheza?
3. Kopo jekundu lilikuwa na alama gani ubavuni? Ina maana gani?
4. Kwa nini chupa ya manyanga huvikwa soksi?
5. Gari la dumu likienda upande, kosa liko wapi?

HESABU

1. Mama alinunua gari kwa Sh. 3,000. Lilidumu siku 4. Kila siku ilimgharimu shilingi ngapi?
2. Gari moja lina magurudumu 4. Darasa limetengeneza magari 7. Magurudumu ni mangapi?
3. Wachezaji wawili wa drafti wanahitaji visoda vingapi kwa jumla?

MJADALA

1. Je, nyumbani kwako mvulana na msichana wana saa sawa za kucheza? Kama sivyo, kwa nini?
2. Mtoto akikosea jambo la hatari, tufanye nini ili asiogope kusema ukweli?

KAZI YA KUFANYA

Tazama nyumbani kwako leo. Andika majina ya vitu vitano vilivyotupwa. Mbele ya kila kimoja andika: KINAFAA au HAKIFAI. Kopo likiwa na maandishi, yasome yote kwanza. Kisha chagua kimoja kinachofaa, umtengenezee mtoto kichezeo. Kilete darasani siku ya somo lijalo, na mtoto mwenyewe aje nacho.